Mhusika wa Mrundikano

Ilitangazwa Jumatatu asubuhi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la ofisi: "Kuanzia leo, haja za kuku huria zitasambazwa kwa uwiano katika eneo zima la malisho! Agizo hili halina mjadala!"

Kuku mia tatu wa Mama Mayai wakainua shingo, wakasikiliza mpaka mwisho, kisha wakaendelea kunya palepale mlangoni pa banda.

Mkurugenzi wa Uwiano wa Rutuba hakukasirika. Alikuwa mtu wa subira na wa suti ya vipande vitatu. Alijua kwamba udongo wa pale mlangoni umeshiba mbolea mpaka nyasi zimeungua, na mvua ikinyesha ziada yote inateremkia kisimani, huku udongo wa upande wa juu ukilala njaa. Alikuwa ameyasoma yote hayo kwenye ripoti. Akatunga kanuni kwa mkono wake mwenyewe, na ikifaulu, angepanda cheo.

"Ikifika Ijumaa vipimo havijalingana na mhusika hajapatikana," alimwambia Mama Mayai, "kuku wote wanaingia vizimbani. Na hiki kibao chako cha 'Mayai ya Kuku Huria' kinang'olewa."

Mama Mayai alikuwa na ndoo ya maji kichwani. Hakuitua, ila maji yalimwagika kidogo begani.

"Vizimbani? Hawa niliowalea kwa mikono yangu? Mwanangu, kuku anaogopa mwewe. Hawezi kuacha kivuli akaenda kujianika kule juu. Miaka mitatu naomba ruhusa nipande miti."

"Miti si idara yetu."

"Sasa hizo haja nitazisambazaje?"

"Kwa uhamasishaji."

"Haja za kuku wangu nazijua mimi. Mahindi, maji, kivuli."

"Si haja hizo, Mama. Ile... ile haja nyingine."

"Ahaa! Mavi."

Mkurugenzi akakohoa, akatazama pembeni. Ofisini kwake neno hilo halikuwepo. Kanuni ilikuwa na kurasa arobaini na moja, na halikuonekana hata mara moja. Hata kuku mwenyewe hakutajwa, maana ofisi haiandikiani barua na kuku. Aliyetajwa kila mahali ni "mhusika wa mrundikano".

Ili asimamie uhamasishaji kwa karibu, akapigiwa hema pana la kijani hatua chache kutoka bandani. Ndani wakaweka meza, kiti cha kuzunguka na bakuli la karanga lisiloruhusiwa kupungua. Akakaa humo siku nne, anatafuna na kuamuru, anaamuru na kutafuna, na karanga moja kati ya tatu ikidondoka.

Siku ya pili kuku wote walikuwa wamehamia hemani. Kivuli kipo, karanga zipo, mwewe haingii, wangetaka nini tena? Mmoja mwenye madoa akataga kwenye trei ya barua zinazoingia. Mkurugenzi akaandika kwenye taarifa: "Wadau wameitikia kwa wingi."

Ijumaa akaja Mpima Udongo, binti wa maabara mwenye mabuti ya mpira na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mafundi wa vizimba walikuwa wamekwisha kuegesha lori getini. Mama Mayai alikuwa ameking'oa kibao mwenyewe, kisije kikang'olewa na mtu mwingine, akakikumbatia kifuani. Binti akachimba vishimo ishirini, akatia udongo kwenye vichupa, akamimina dawa, akatikisa.

"Mlangoni pa banda pamepoa," akasema. "Lakini kuna mahali pamezidi mara sita! Sijapata kuona!"

Mkurugenzi akaruka kutoka kitini. "Wapi? Mhusika atajwe hadharani!"

"Chini ya kiti chako, Mkuu."

Fundi mmoja wa vizimba akacheka, akajifanya anapiga chafya.

"Lakini hao ni kuku!"

"Kanuni haisemi kuku, Mkuu." Binti akafunua kurasa taratibu. "Kifungu cha tisa. 'Mhusika wa mrundikano ni yule ambaye uwepo wake umesababisha haja kukusanyika. Atahamishiwa, yeye na makazi yake, kwenye upande wenye upungufu, na zoezi litarudiwa kila Jumatatu hadi uwiano upatikane. Hakuna rufaa.' Saini yako hii hapa. Muhuri huu."

"Na vizimba, mwanangu?" Mama Mayai akauliza.

"Vya nini, Mama? Mhusika si amepatikana!"

Jumatatu, mafundi walewale wakalinyanyua hema kwa pembe zake nne. Mkurugenzi akapanda kama alivyotamani, hatua mia mbili, hadi upande wa juu wa shamba, na bakuli lake la karanga mkononi. Kuku mia tatu wakafuata nyuma kwa msafara, mwenye madoa akiwa amepanda juu ya trei iliyobebwa na fundi mmoja.

Huko juu sasa nyasi zinafika magotini. Maji ya kisima yamerudi kung'aa, na kibao kimepigiliwa misumari mipya sita. Kila Jumatatu asubuhi Mama Mayai huazima kipaza sauti cha ofisi, akasimama mbele ya hema, akatangaza kwa adabu zote:

"Mheshimiwa, inuka baba! Hapo pameshiba."