Ada ya Kuingia kwa Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimekuwa babu! Mungu ni mwema. Binti yetu aliyeolewa ng'ambo amejifungua salama, mtoto wa kiume. Picha imeingia kwenye simu kabla ya chai. Mimi kazi yangu ni kupiga picha, nimewapiga vichanga wa nusu ya mji huu, na wote hufanana na viazi. Lakini huyu ni mtu. Ana masikio yangu! Makubwa, yamesimama kama milango ya kabati iliyosahauliwa wazi. Nimelia. Mke wangu kasema nilie pembeni, nisilowanishe simu.

Kuna na la pili. Binti na mumewe wametuma ujumbe kwamba watakata tiketi mbili: moja ya upande wetu, moja ya upande wa wakwe. Viza kila upande ujitafutie na ujilipie. Basi upande wetu ni mimi, hilo halina mjadala. Mke wangu kauliza upande wetu una watu wangapi. Nikamwambia asianze hesabu asubuhi asubuhi.

Shida ni upande wa pili. Mkwe mwenzangu, baba yake mkwe wangu, ni mkaguzi wa shule mstaafu anayekaa mtaa wa nyuma. Mji mzima unamwita Mkaguzi, naye anapenda. Kapiga simu kunipongeza, ati mtoto kachukua paji la uso lake. Paji! Na atakayefika wa kwanza, kasema, ndiye atakayempakata wa kwanza na kumwombea, na anadhani Mungu atapendezwa na mtu mwenye lugha sanifu.

Nimepiga magoti. Nimeomba viza. Na kama haitakuwa usumbufu, nimeomba ya Mkaguzi ichelewe kidogo. Kidogo tu.

Jumanne, 4 Machi

Ubalozini. Foleni ndefu, jua kali, viti vya chuma. Kufika dirishani, dada mmoja mpole akanitajia ada ya viza. Nilishika ukuta.

Nikamwuliza kosa langu ni nini. Akanieleza vizuri tu, kama anayemweleza baba yake. Kwamba serikali yetu inawatoza watu wa nchi ile wakija huku. Basi nchi ile nayo inatutoza sisi kiasi kilekile, bila kuzidisha wala kupunguza. Sisi tukipunguza, wao wanapunguza. Ni nipe nikupe.

Nikamwambia mimi sijawahi kumtoza mgeni hata senti. Zaidi ya picha. Nikamwambia kwa niaba yangu binafsi nimewasamehe wote, waje bure, na familia zao. Je, hawawezi nao kunisamehe mmoja? Akatabasamu, akamwita anayefuata.

Njiani nimewaza sana. Mwanzo nilikasirika, ila kadiri nilivyotembea nikaanza kuiona hekima yake. Kiasi kilekile! Hakuna kuonewa, hakuna kuonea. Dawa ya moto ni moto. Kwa nini hatuishi hivi majumbani?

Alhamisi, 6 Machi

Maombi ya viza hujazwa kwenye mtandao, kisha yanachapishwa na kusainiwa. Mwenye kompyuta yenye mtandao katika ukoo mzima ni Mkaguzi. Nikajishusha, nikaenda.

Kwa Mkaguzi huingii hivihivi. Unavua viatu. Unasaini daftari la wageni: jina, utokako, dhumuni la kuja. Kwenye dhumuni nikaandika "undugu". Akanirudishia, ati halijitoshelezi. Kisha kabla hajawasha kompyuta akakohoa na kudai "mchango wa mtandao".

Mimi! Niliyemtoa binti! Nikalipa. Lakini wakati navaa viatu nilikumbuka lile dirisha la ubalozi, moyo ukachangamka. Mkaguzi ananitoza kuingia kwake? Sawa. Naye atahitaji picha ya viza, na mpiga picha ni nani?

Ijumaa, 7 Machi

Siku njema. Niliweka meza mlangoni, maana studio yangu ni chumba cha mbele cha nyumba. Juu ya meza daftari na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko. Nikamteua mke wangu kuwa ofisa wa mpaka. Akasema ana nguo za kufua. Nikamwambia afulie hapohapo.

Mkaguzi kafika na suti yake ya sherehe. Nikamwambia avue viatu, asaini, alipe ada ya kuingia, kiasi kilekile alichonitoza jana. Akasema huu ni ushenzi. Nikamwambia ni diplomasia. Akasema kwake ulikuwa mtandao, huduma halisi. Je, hapa analipia nini? Nikamwambia analipia sakafu.

Kalipa. Kopo lililia ngri! Sijawahi kusikia sauti tamu hivyo nje ya kanisa.

Kisha picha yenyewe. Kanuni za ubalozi hazitaki mtu acheke. Sasa, shetani akanipitia. Nikamsimulia kile kisa cha mzee aliyesinzia kwenye mahubiri akazinduka na kusema "shusha hapa, kondakta!" badala ya amina. Nia ilikuwa acheke nikimpiga. Hakucheka. Alinikodolea macho kama anayesubiri mwanafunzi amalize jibu. Niliyecheka ni mimi, mpaka kamera ikatikisika na ikabidi nirudie. Picha imetoka safi kupita picha zote nilizowahi kupiga. Kaomba kubwa ya sebuleni.

Jumamosi, 8 Machi

Mkaguzi kapandisha ada. Sasa kwake kuna kuingia mara moja na kuingia mara nyingi, na mkewe ndiye kakalishwa mlangoni na kopo. Nami nimepandisha papo hapo. Mchana mvua ikamkuta njiani, akajibanza chini ya upenu wangu. Nikatoka kumwarifu kwamba upenu ni eneo letu. Akasema hajaingia, anapita tu. Nikamtoza ya kupita. Jioni nilipita kwake kuchukua makaratasi, nikaomba msalani. Akasema msalani ni mpaka wa pili.

Wake zetu wamekutana dukani, nasikia walicheka mpaka muuza duka akadhani wanalia. Sijui kilichowachekesha. Jambo ni zito.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kuchanganyikiwa.

Kwanza, redio. Imetangaza kwamba serikali hizi mbili zimepatana, ada ya viza imepunguzwa nusu pande zote mbili kuanzia kesho. Nikamwambia mke wangu hilo ni jambo jema kwao. Akasema kama serikali zimeona aibu, sisi je? Nikamjibu: serikali hazina mkwe.

Pili, leo ilikuwa zamu yangu kukaribisha kikundi cha maombi. Ndugu wamekuja wengi, Mkaguzi yumo. Sasa fikiria: nikimtoza yeye peke yake, huo ni ubaguzi. Kwa hiyo kwa usawa wa Kikristo nikatoza wote. Wakalipa! Walidhani ni sadaka. Bibi mmoja katia mara mbili.

Kisha akaingia mchungaji. Nikamwambia yeye ni kama balozi, balozi halipi, apite tu. Akauliza balozi wa nini. Mkaguzi, kwa kiherehere, akamweleza yote, mpaka ule upenu. Mchungaji kaweka Biblia yake mezani, kando ya kopo. Kisha kasema amefungisha ndoa nyingi, ila hii ndiyo ya kwanza ambayo watoto wamepatana na wazee wametengana. Ametuamuru tupeane mikono. Na makopo yote mawili wakabidhiwe wake zetu, walitumie hilo fungu kwa jambo jema la familia, kwa kuwa wao, kasema, ndio wenye akili timamu upande huu wa mji.

Tumepeana mikono. Wa Mkaguzi ulikuwa baridi kama bomba.

Jumatano, 12 Machi

Nimewasilisha maombi yangu. Ada nimelipa kwa akiba yangu ya lenzi mpya, lakini lenzi si mjukuu.

Nikuambie jambo wewe peke yako, shajara yangu. Picha niliyoweka nimeirekebisha. Si sana. Kipara changu hupata mng'ao kwenye taa, na kanuni za ubalozi zinakataza mng'ao. Ziko wazi! Basi nikajirudishia nywele kidogo kwenye kompyuta ya studio. Kisha kidogo tena. Nikafika kwenye zile za mwaka niliooa, nikaona hapa panatosha. Nimependeza, Mungu anisamehe. Masikio sikuyagusa. Hayo ni ya mtoto.

Mkaguzi naye alikuwa foleni, mbele yangu, kabeba fomu zake ndani ya bahasha mbili. Hakunionyesha. Wake zetu walikuja pia. Walisema wanatusindikiza. Wakakaa foleni yao, pembeni, wakipiga soga. Nilimwambia mke wangu hahitaji kukaa foleni kunisindikiza. Akasema amezoea kunisubiri.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekataliwa.

Yule dada mpole aliinua picha yangu, akanitazama, akaitazama tena. Akauliza kwa heshima zote kama huyu ni mwanangu. Nikasema ni mimi, katika siku zangu nzuri. Akasema mfumo wao umeshindwa kunitambua, na yeye pia. Nimtafute mpiga picha mzuri, kasema, nianze upya baada ya miezi mitatu.

Mpiga picha mzuri!

Nikageuka na kumwona Mkaguzi ameketi kwenye kiti cha chuma, mdogo, kofia mkononi. Naye kakataliwa. Nikajikuta nimekaa karibu naye. Akanipa fomu yake. Ee Mola! Aliisahihisha. Fomu ya ubalozi! Kila ukurasa kalamu nyekundu: sentensi hii ndefu, swali hili limejirudia, hapa weka nukta. Mwishoni kaipa alama na maelezo: "Jitihada ipo, ila mpangilio ni hafifu." Kuna maswali ambayo hakuyajibu kabisa kwa sababu, kasema, hayakuulizwa vizuri.

Nilitaka kucheka. Kisha akasema, sauti yake chini, kwamba alikuwa amefanya mazoezi ya kumpakata kwa kutumia mto. Mimi nilitumia begi la kamera.

Tumerudi kwa miguu pamoja. Hakuna aliyemtoza mwenzake barabara.

Jumatano, 19 Machi

Siamini ninachokiandika.

Mke wangu kaniwekea chai, kaniwekea na pasipoti yake mezani, imefunguliwa. Viza! Mpya, inang'aa, na picha yake humo amekunja uso kama kanuni zinavyotaka. Nikauliza picha kapiga nani. Kasema ni mimi niliyempiga. Mwaka jana, nikijaribu taa. Nikauliza ada kalipa na nini. Akaligeuza kopo la maziwa ya unga juu chini. Tupu.

Na mke wa Mkaguzi hivyohivyo. Kopo lao, viza yao. Kila tulipotozana, tulikuwa tunawalipia wao. Baada ya serikali kupunguza nusu, kilichopungua kilikuwa kidogo, wakaongeza hela zao za kuuza mayai.

Nikamkumbusha kwamba mchungaji alisema jambo jema la familia. Akaniuliza hili ni baya? Akanionyesha ujumbe wa binti kwenye simu. Tangu siku ya kwanza binti aliandika: "Mama, njoo, sijalala." Mama. Imeandikwa Mama. Mimi niliusoma haraka.

Kisha akanishika kichwa, hapo penye kipara, akasema atampakata mtoto mara mbili, ya pili ni yangu.

Nikatoka nje kidogo. Vumbi lilikuwa jingi.

Jumamosi, 22 Machi

Uwanja wa ndege. Wake zetu wamevaa vitambaa vya kichwa vinavyofanana, wanaongea kwa pamoja, hawajageuka hata mara moja. Husemwa wapiganapo tembo, nyasi huumia. Uongo! Nyasi zimepanda ndege, tembo wamebaki getini na funguo za nyumba.

Mkaguzi kajifuta macho, kasema ni mafua. Nikamwambia hata mimi.

Jumapili, 23 Machi

Picha imefika! Mke wangu kampakata mtoto. Masikio yapo, yote mawili. Paji, kwa haki, ni la Mkaguzi. Nimemwambia Mungu asante kwa sauti, mpaka jirani kaitikia amina.

Mchana Mkaguzi kabisha hodi, kabeba sufuria tupu. Kwake hakuna anayejua chumvi inakaa wapi. Nikamkaribisha kwa mikono miwili. Hakuna meza, hakuna daftari, viatu aingie navyo! Nimeokoka na mambo hayo. Tulikula ugali wangu uliojaa mabuje ya unga mbichi, tukazitazama picha za mtoto, tukaomba pamoja. Kaniita ndugu yangu. Nusura nilie tena.

Kisha akasimama, akaenda mlangoni, akakuta nimeketi hapo na kopo.

Akauliza si nimesema kuingia ni bure. Nikamwambia ndiyo, ni bure kabisa, na itabaki kuwa bure. Kutoka ndiko kunakolipiwa.

Kapekua mifuko yote ya suruali. Kisha kalipa, kavaa kofia, na kusema kesho chakula ni kwake.

Nitakwenda. Ila nitatokea dirishani.