Yasinta Ameajiriwa Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa mujibu wa ratiba ni mimi mwenyewe, Deogratius Mhina, Mratibu Mkuu na Daktari Mtarajiwa. Waheshimiwa madiwani mliofika na mliotuma udhuru. Masheikh, wachungaji na makatekista. Watendaji wa kata kutoka Kerenge, Misima na Kang'ata. Mkuu wa Chuo uliyetupatia uwanja huu pamoja na kivuli chake. Mfanyabiashara wetu Mzee Natwarlal wa duka la sare za shule, na mkewe mama yetu Daxa. Wazazi, walezi, vijana wetu wenye usonji, wana matarumbeta. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Kama yupo niliyemsahau, naye ajihesabu amezingatiwa.

Korogwe oyee! (Umati unapunga mikono juu, kimya kimya.) Mbona mnanipungia? Ndugu zangu, siondoki, ndiyo kwanza nimefika! (Mwalimu Bernadina wa chuo anamsogelea na kumweleza kwamba makofi na tarumbeta vinawaumiza vijana masikio, kwa hiyo wamekubaliana kupunga.) Ahaa! Safi kabisa. Iingizwe kwenye mafanikio ya mradi. Matarumbeta, shusheni hivyo vyombo, ila picha mtapigwa.

Leo tunazindua Mradi Shirikishi wa Vijana wenye Usonji Kutoka Chuoni Hadi Kazini, kwa kifupi MSHIVUKA, mradi ambao kwa kuzingatia fremuweki ya kimkakati, kwa kuwashirikisha mastekiholda wote katika mnyororo mzima wa thamani, na kwa kujenga kapasiti kuanzia ngazi ya kijana mpaka ngazi ya posho, unakwenda kumchukua mhitimu mwenye usonji kutoka chuoni, kumvusha, kumfikisha, na kumkabidhi kwa mwajiri akiwa mzima na mwenye mwelekeo.

Mfano hai ameketi hapa mbele, binti yetu Yasinta wa Kerenge, aliyehitimu ushonaji katika chuo hikihiki. Naambiwa Mwalimu Bernadina alimpa kiti cha dirishani, mbali na kelele, akamchorea ukutani hatua zote za kushona shati, na binti akafaulu. Hayo yalifanyika kabla mradi haujabuniwa, lakini yalifanyika kwa roho ya mradi. (Mama Fausta, mama yake Yasinta, anasimama: "Mheshimiwa, samahani. Tangu amalize yupo nyumbani tu. Kila fundi ninayempeleka anamrudisha. Wanasema hana adabu, haamkii wateja, hawatazami usoni. Nimechoka kubembeleza watu, baba. Leo tumeambiwa tuje, kazi ipo.")

Mama Fausta, nimekusikia, nimekuelewa, nimekubeba. Ni kweli, hata mimi leo hakuniamkia. Mimi, Mratibu Mkuu! Nimesimama pale mbele yake na marahaba yangu mdomoni, shikamoo haikuja. Nimemsamehe kisera. Futa machozi, mama. Kwa mamlaka niliyonayo naukata utepe huu mlangoni pa karakana hii, yenye cherehani mpya zinazong'aa kama mnavyoziona, na natamka mbele ya kamera: kuanzia sasa hivi, Yasinta ameajiriwa rasmi! (Umati unapunga. Yasinta anasimama, anapita mbele ya meza kuu bila kuinama, anaingia karakana, anaketi kwenye cherehani ya dirishani. Kuna mafungu ya vitambaa vya sare vilivyokwisha katwa, vimewekwa kwa ajili ya picha. Anachukua kimoja, anaanza kushona.)

Naam... binti, nilikuwa namaanisha kiuzinduzi. (Yasinta, bila kugeuka: "Umesema kuanzia sasa hivi.") Nimesema, ndiyo, lakini kuna taratibu. (Mama Fausta: "Mwacheni afanye kazi jamani!" Umati unapunga kwa nguvu.) Haya, haya, ashone, na mimi niendelee, maana kurasa bado.

Tafiti zetu, ambazo matokeo yake tuliyapata mapema ili tusiwasumbue wananchi kwa maswali, zinaonesha kuwa asilimia tisini na nane ya vijana wenye usonji wa Handeni na Korogwe wataridhika na mradi huu, na asilimia mbili iliyobaki wataelimishwa. (Cherehani: krrrr.) Mimi binafsi nimeisomea sekta hii. Nimehudhuria semina za usonji Morogoro, Bagamoyo, Arusha, mpaka wahudumu wa hoteli wanajua chai yangu naipenda na tangawizi, ingawa kijana mwenye usonji wa kuonana naye ana kwa ana nimempata leo asubuhi. (Krrrr.) Kila kijana atakuwa na msindikizaji wa kumzoesha kazini. Kila mwajiri atapewa mafunzo. Kutakuwa na gari la kuwaleta vijana wa Handeni, na chumba tulivu chenye pazia la buluu, rangi iliyopitishwa na kamati. (Hashim, kijana wa Misima, ameziba masikio: "Chumba tulivu kiko wapi? Nataka kwenda sasa.") Swali zuri sana, kijana. Kipo awamu ya tatu. (Mwalimu Bernadina anamchukua Hashim, wanakwenda kukaa nyuma ya tanki la maji.)

Ndugu wananchi, nahitimisha kwa shukrani, maana naona kirikuu cha mizigo cha Mzee Natwarlal kinarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Mzee, si tulisema mpaka nimalize? Namshukuru basi Mzee Natwarlal, kwa kutuazima cherehani hizi na vitambaa hivi, ambavyo dereva anavihitaji sasa hivi. Namshukuru mama Daxa kwa viti. Namshukuru Mkuu wa Chuo kwa karakana, ambayo kesho inarudi kuwa stoo ya mahindi. Nawashukuru kipekee wafadhili wa MSHIVUKA, ambao tutaanza kuwatafuta mara tu andiko la mradi litakapopata mtu wa kuliandika. (Umati haupungi.)

Yasinta, inuka mama, cherehani inaondoka. (Yasinta haonekani kusikia. Pembeni yake mashati yamepangwa, yamekunjwa. Mzee Natwarlal anachukua moja, anavaa miwani, anavuta kola, anageuza mshono ndani nje. "Nani kashona hii?" Mama Fausta: "Mwanangu, Mzee. Lakini nikwambie mapema, haamkii watu." Mzee Natwarlal: "Mama, mimi nauza mashati, siuzi shikamoo. Wateja nitawaamkia mwenyewe. Kesho asubuhi mlete dukani. Dirisha lipo." Mama Fausta anajifunika uso kwa khanga, analia kwa sauti, anajikumbuka, anaziba mdomo, anapunga mikono yote miwili.)

Mmeona! Mmeona jamani! Mradi umefanikiwa asilimia mia moja kabla haujaanza! Mwandishi, andika hilo, na jina langu usilikosee. Sasa wote kwa pamoja: Kutoka chuoni! (Umati: "Hadi kazini!") Kutoka kazini! (Sauti ya nyuma: "Hadi kwa Natwarlal!") MSHIVUKA hoyee! (Cherehani: krrrr.)

Asanteni sana kwa kunisikiliza, na Mungu awabariki. Yasinta, binti yangu, kabla dereva hajaibeba hiyo mashine, hebu niunganishie huu utepe niliokata. Kesho nauzindua tena mradi huu Kang'ata, na wazazi wa kule nao wameambiwa kazi ipo. (Yasinta anaupokea, anaugeuza mbele na nyuma, anamrudishia: "Umeshashonwashonwa mno. Hauna pa kupitisha sindano.")

Basi tutafunga fundo.