Kisanduku Kilichokivunjia Heshima Kiwiko Changu

Ndugu Mkuu wa Maabara,

Natumaini presha yako imetulia, maana yangu imepanda.

Nakuandikia kwa heshima zote kuhusu kile kisanduku chenye waya ambacho fundi umeme amekifunga kwenye kabati la joto, ambamo tunaotesha vijidudu vya wagonjwa ili vitambulike. Kwa miaka kumi na tisa nimefungua kabati hilo, nikaingiza kiwiko cha kushoto, nikatoa hukumu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kisanduku hakikutambulishwa. Nilirudi kutoka likizo Jumanne nikakikuta kinanikodolea namba nyekundu.

2. Hakina msimamo. Joto likipungua nusu digrii kinawasha hita, tak! Likifika thelathini na saba kinazima, tak! Mimi nilikuwa nawasha asubuhi na kuzima nikienda kula. Vijidudu vilivyoiva, viliiva kwa adabu.

3. Kimeniumbua hadharani. Jumatano niliwasha hita kwa mkono kama zamani; kiwiko kilisema thelathini na saba, kisanduku kikasema arobaini na mbili. Daktari akaleta kipimajoto, nacho kikaunga mkono kisanduku. Tangu lini ndugu akawa shahidi wa ndugu yake?

4. Kiti changu cha pembeni ya kabati kimepelekwa stoo, na mtunza stoo ameanza kuniita Mstaafu. Hili limeniuma, sitaficha. Bado nina miaka miwili kazini na sijui nitaimalizia wapi.

5. Ugonjwa umefika nyumbani. Jana nilimwambia mama watoto kuwa uji umepoa, akasema tumsubiri fundi.

Kwa hiyo naomba kisanduku king'olewe leo hii. Ikishindikana, basi kiwe chini yangu: kisaini daftari la mahudhurio, kiombe ruhusa kabla ya kusema tak, na kikikosea kiandikiwe barua ya onyo kama sisi wengine.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa mama wa usafi, ambaye bado ananiamini. Fundi umeme naye msalimie, ila kwa mbali.

Wako mtiifu, na bado niko kazini,
Mhudumu wa Kabati la Joto

Tanbihi: Mjukuu wangu ana homa siku ya nne sasa, na damu yake imewekwa kabatini asubuhi hii. Tafadhali usiifanyie kazi barua hii mpaka majibu yake yatoke. Nimesimama hapa tangu saa mbili nasikiliza ile tak, na kila ikilia napumua. Mtu yeyote asikiguse kisanduku, hata mimi mwenyewe.