Mwenye Kikombe Hakatizwi

Jumatano, 12 Februari 2025

Leo nimekosa kigoda tena! Gerson amekikalia tangu kahawa ya kwanza mpaka jua likageuka. Ni kigoda cha mbao tu, kimechakaa, lakini kiko karibu na redio ya Awadhi muuza kahawa, na hapa Kanyenye, Tabora, anayekaa karibu na redio ndiye anayewaeleza wengine vita. Sheria ya kijiwe inajulikana: mwenye kigoda akiwa na kikombe mkononi hakatizwi. Kikombe kikiisha, anainuka, anampisha mwenzake. Gerson, mstaafu wa reli, anakunywa kahawa kidogo kidogo kama kuku. Ananikera!

Hoja ya leo: Goma imekwenda, sasa wapiganaji wanashuka kuelekea Bukavu. Tuite uasi au uvamizi? Popatlal wa duka la vitenge alisema ni uvamizi, maana wateja wake wa ng'ambo ya ziwa hawapigi simu tena. Mmoja akataka Afrika nzima ipeleke jeshi. Mwingine akasema vijana wetu wa jeshi walioko kule warudi, wamekufa wa kutosha. Wakashikana mashati kidogo. Awadhi, ambaye babu zake ni Wamanyema waliofika hapa na misafara kutoka kulekule, alikuwa anamimina kahawa. Gerson naye alisema tusubiri tujue kwanza. Tusubiri! Mchambuzi gani huyo?

Mimi ni dalali wa viwanja. Watu wakiniamini juu ya Bukavu, wataniamini pia juu ya kile kiwanja cha kwetu Isevya kinachojaa maji masika. Nahitaji chanzo cha habari.

Alhamisi, 13 Februari

Nimepata chanzo! Kiko nyuma ya ua wangu.

Jirani yetu Mama Mayala ni mjane. Mwanawe wa pekee, Mayala, ni fundi wa malori huko Bukavu. Masikio ya mama yamechoka, kwa hiyo simu huiweka sauti ya juu kabisa, akakaa nayo nje ya jiko. Leo nilikuwa nachuma matembele uani. Nikasikia yote. Mayala alisema mkaa umepanda, benki zimefungwa, na askari wanapita barabarani wakiwa wameipa vita mgongo. Akamwambia mama asihofu. Mama akamuuliza kama anakula.

Nikaenda mbio kijiweni. Nikasema chanzo changu kilichoko Bukavu kinaniarifu hivi na hivi. Wakasogea karibu! Hata Popatlal aliacha kutafuna kashata.

Mke wangu Advera anasema huo ni wizi. Nimemwambia sauti ikisharuka ua haina mwenyewe.

Ijumaa, 14 Februari

Mayala amesema milio imesikika upande wa uwanja wa ndege. Tajiri wake amekimbia. Yeye na dereva wa lori la tajiri huyo, Mathias, wanafikiri kushuka Uvira watafute boti ya kuja Kigoma. Mama akamsihi aache spana zake, aje mikono mitupu. Mwanawe akasema bila spana yeye si mtu.

Kijiweni nikatangaza: uwanja wa ndege unaanguka. Jioni redio ikasema hivyohivyo! Gerson aliinuka mwenyewe akanipisha. Siku tamu sana. Tena nimegundua jambo: ukiacha tone moja chini ya kikombe, hakijaisha. Nilizungumza mpaka Awadhi akaanza kukusanya birika zake. Sielewi kwa nini hakuna aliyewahi kuwaza hilo.

Awadhi anasema Jumatatu mtangazaji wa redio ya hapa mjini anakuja kuchukua maoni ya wananchi kuhusu vita. Mungu hamtupi mja wake.

Jumapili, 16 Februari

Simu haijalia. Mama Mayala amepiga tangu aliporudi kanisani kwao, kwa Wamoraviani. Kila mara ile sauti ya dada wa mtandao inamwambia namba haipatikani, naye anamjibu kwa adabu kwamba asante mwanangu, atajaribu baadaye.

Nimesimama uani hadi mbu wamenimaliza. Hakuna kitu. Redio inasema Bukavu imeshaingiwa. Kesho mtangazaji anakuja, na Mayala amechagua leo kunyamaza! Nimekasirika kweli.

Jumatatu, 17 Februari

Amekuja, dada mmoja anaitwa Julieth. Akaanza na Gerson. Gerson akasema yeye hajui, anawaombea tu walioko kule. Nilimwonea aibu.

Kisha mimi. Kigodani, kikombe mkononi. Nikaeleza uasi, nikaeleza uvamizi, nikapanga majeshi. Julieth akauliza: na Watanzania walioko huko? Watu wote wakanigeukia. Ningesema nini? Nikasema chanzo changu kimethibitisha kuwa vijana wetu wa Tabora wameshafika Uvira, wamepanda boti, wako majini kuja Kigoma.

Makofi! Awadhi alinishika mkono, machozi yanamlengalenga, akanipa kashata bure. Ana shangazi zake kule.

Si uongo, ni uchambuzi. Kijana alisema atashuka Uvira. Mtu mzima akisema atafanya, hufanya.

Jumanne, 18 Februari

Sauti yangu redioni! Imetoka asubuhi, baada ya taarifa ya mvua. Ni nzito kuliko nilivyodhani.

Sokoni muuza nyama akaniambia vijana wako majini. Nikamuuliza amesikia wapi. Akasema mji mzima unajua. Mwenye dagaa akasema hata Kigoma wanajua. Kumbe ni kweli! Moyo wangu ulitulia kabisa. Watu wote hawa hawawezi kukosea.

Jioni Mama Mayala alikuja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa mkekani. Akauliza kama huyo mtu wangu wa Bukavu anajua boti itafika siku gani. Advera alinikazia macho. Nilijisikia vibaya, naandika kweli tupu. Lakini mama alikuwa ananiangalia kama mtoto anayengoja kupakuliwa chakula. Nikasema Ijumaa, au Jumamosi.

Alinishika mikono yote miwili. Atapanda treni Alhamisi akampokee bandarini. Amemfungia matobolwa, viazi vile vya kuchemsha na kukausha, maana Mayala tangu utotoni huyatafuna makavu hivyohivyo.

Advera amekula peke yake jikoni. Kwangu hakuleta kitu.

Alhamisi, 20 Februari

Gerson ameaibika leo! Alifika jioni amechelewa, kofia mkononi. Akasimama mbele ya kigoda, akasema ana neno la haraka, linahusu jirani yangu.

Nikajua. Advera amemwambia habari za ua! Amekuja kunivua nguo hadharani. Nikainua kikombe. Wenzangu wakapiga kelele: mwenye kikombe hakatizwi! Nikamwomba Awadhi aniongezee juu ya ile iliyobaki. Nikaanza mbali, njia ya misafara kutoka hapa hadi Ujiji, pembe, chumvi, wapagazi. Gerson alifungua kinywa mara mbili. Kila mara wakamzomea. Akabaki anazungusha kofia mikononi. Wivu tu huo.

Mwisho nikasema, hata sasa jirani yangu yuko stesheni, anakwenda kumpokea mwanawe. Gerson akauliza, leo? Akatazama saa ya Awadhi, akatoka mbio. Mzee yule, na magoti yake yale, mbio kuelekea stesheni! Tulicheka hadi kahawa ikamwagika.

Treni ya Kigoma huchelewa tangu nazaliwa. Leo imeondoka kwa wakati.

Jumamosi, 22 Februari

Awadhi ameniambia akiwa anaosha vikombe. Hakuinua uso.

Alhamisi Gerson alipigiwa simu na mwenzake wa zamani wa reli aliyeko Kigoma. Mathias, yule dereva, amefika na boti, peke yake. Mayala alipigwa risasi barabarani kabla ya kufika Uvira. Mathias alimzika kando ya njia kwa koleo la lori. Amekuja na spana za marehemu.

Gerson hakutaka neno hilo lipite kwenye simu, tena simu ya sauti ya juu. Kwetu msiba hauletwi hivyo. Kwanza mchungaji ajue. Kisha wanawake wa jirani waingie mmoja mmoja kama wanaosalimia tu, wamzunguke mama, mmoja amshike, ndipo neno litoke. Mimi ndiye jirani. Alikuja kunitaka mimi, ili nimwambie Advera awaite wenzake. Basi.

Mama Mayala alishuka Kigoma, akaenda bandarini. Aliuliza kila boti vijana wa Tabora wako wapi. Watu wakamwelekeza kwa Mathias. Hakuwepo mwanamke hata mmoja anayemfahamu. Alianguka pale na kifurushi chake kichwani.

Nimelia. Sioni haya kuandika, nimelia mpaka shati limelowa. Advera alisimama mlangoni, akanitazama, akaondoka.

Baadaye nikafikiri vizuri. Gerson naye ana lawama. Jambo zito vile, angevunja sheria! Angeninyang'anya kikombe! Mtu wa reli miaka yote hiyo hajui kupiga filimbi?

Jumanne, 25 Februari

Msibani, Isevya. Turubai limefungwa uani kwa Mama Mayala. Hakuna jeneza. Spana zimewekwa juu ya meza kwenye kitambaa cheupe, na watu wanapita mbele yake kama wanaoaga maiti. Matobolwa yamerudi kutoka Kigoma vilevile, fundo halijafunguliwa.

Wanaume tumekaa pembeni. Awadhi ameleta birika, redio na kigoda. Watu wanabishana kwa sauti ya chini kama Uvira nayo itachukuliwa, na wakimbizi wangapi watavuka. Gerson amekaa chini pamoja na wafiwa. Kigoda kilikuwa wazi. Hakuna aliyekikalia.

Mama Mayala akatuma niitwe. Nikajua amejua, na mbele ya watu wote hawa! Advera alikuwa amemshika bega. Mama akaniambia niiname, masikio yake hayasikii vizuri. Akauliza, yule mtu wangu wa Bukavu, je, alisema kama mtoto aliumia sana?

Advera akanitikisia kichwa. Taratibu. Macho yake yalikuwa yananiomba nisizue tena.

Nikasema chanzo changu kimethibitisha: hakuumia, mama. Alilala tu.

Mama Mayala akashusha pumzi ndefu. Akanishukuru, akanibariki mimi na nyumba yangu. Akasema hata Mathias, alipoulizwa hivyo, alitazama chini tu.

Ndiyo hapo sasa! Mathias alikuwepo, akashindwa. Mimi nimeweza.

Nikarudi kwa wanaume. Kigoda kilikuwa bado wazi, nikakikalia. Awadhi alipita na birika akaniruka, nadhani hakuniona. Nikajimiminia mwenyewe. Kijana mmoja akauliza, sasa Uvira itakuwaje?

Nikainua kikombe. Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni.