Mashine ya Elfu Tisini

Soko huria lilipoingia nchini, kila mtu aliruhusiwa kuuza alichonacho. Ditram wa Kilosa mjini, mjukuu wa manamba wa mashamba ya mkonge, alikwenda hatua moja mbele ya serikali: akauza asichonacho.

Wazo lenyewe lilimjia mwaka 2004 akiwa Mikumi, alikopanga chumba, ndani ya duka la intaneti lililofunguliwa kando ya barabara kuu kwa ajili ya watalii waliotaka kuwaarifu mama zao kwamba wameona tembo. Ditram aliingia kujikinga na mvua. Mtalii mmoja alikuwa ameondoka bila kufunga ukurasa wake, na kwenye kioo cha kompyuta zilijipanga picha za vitu vinavyopigwa mnada huko ng'ambo: majokofu, pikipiki, vyerehani, kila kimoja na bei ya kuchekesha. Kiingereza cha Ditram kilikuwa cha kuombea maji, lakini tarakimu alizisoma vizuri sana.

"Dada Irine," alimwita mwenye duka, "hizi picha zinaweza kutoka kwenye karatasi?"

"Zinatoka. Za rangi mia tano moja."

"Nitolee friji, pikipiki, na hiyo mashine ya kusaga."

"Unataka kununua?"

"Nataka kuuza."

Irine alicheka, akidhani ni utani. Wiki hiyo hiyo Ditram akazindua Mnada wa Dunia kwa Njia ya Mtandao. Ofisi ilikuwa mkoba wake. Mhuri aliuchonga mwenyewe kwa wembe kwenye soli ya kandambili, ukatoka mzuri kuliko wa halmashauri. Mteja alitazama picha, akaandika kwenye fomu bei anayoiweza, akalipa, kisha akasubiri meli. Chini ya fomu Ditram aliweka masharti mawili aliyoyatunga kwa fahari kubwa. La kwanza: mshindi atalipa bei aliyoiandika, haitaongezwa hata senti. La pili: mali ikishapokelewa hairudishwi.

Niseme ukweli, hakuna aliyelazimishwa. Watu wazima, wenye akili zao, waliona friji ya elfu thelathini na badala ya kujiuliza kwa nini, walijiuliza kama jirani ameshaiona. Mzee Theodory, mstaafu wa reli pale Kilosa, alishinda friji hiyo. Baada ya miezi miwili ya kuuliza habari za meli, Ditram alimkabidhi ile picha, ikiwa na mhuri, kama kumbukumbu wakati akisubiri. Mzee aliitundika sebuleni kwanza, kisha akaishusha kwa aibu.

Basi, mambo yakiwa yamenyooka hivyo, Ditram akasikia kwamba kule Kisanga kuna kikundi cha akina mama wanaotafuta mashine ya kusaga. Akapiga viatu rangi, akaenda.

Kikundi kilikuwa na wanawake ishirini na mwenyekiti mmoja, Bi Joha, mkulima wa ufuta mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Kwa misimu mitatu walikuwa wameuza ufuta na kuweka akiba, na akiba yote ilikuwa laki moja, wakati mashine ya kweli iliuzwa karibu milioni. Mashine ya karibu ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu, na katikati kuna mto. Masika yaliyopita mto huo ulimbeba Yunis na debe lake la mahindi. Yunis aliokolewa kwa kushikwa nywele, debe halikuonekana tena.

"Shikamoo mama," alisema Ditram, akitandaza picha mkekani.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama, hii inatoka Ulaya ya wazungu. Haijawahi kusaga hata punje. Wenzetu kule wakichoka na rangi ya kitu, wanakitupa mnadani. Andikeni bei yenu tu, msiogope."

Wanawake waliinamia picha, wakanong'ona. Macho ya Yunis yalijaa machozi. Bi Joha alichukua fomu, akaisoma taratibu kuanzia juu mpaka chini, hata yale masharti ambayo hakuna mteja aliyewahi kuyasoma. Akaandika: elfu tisini.

"Na mshindi anajulikana lini?"

"Mama, kwa heshima yako, mmeshashinda!" Ditram akatoa kandambili yake mkobani, akagonga mhuri, akaandika MSHINDI na kutia sahihi. Kugonga mhuri hakukumgharimu kitu. "Sasa tumalizie malipo, niwahi kuwasiliana na meli."

"Malipo yapo," alisema Bi Joha. "Ila sisi huku hatununui mashine bila kuonja unga. Mashine nyingine zinatoa chenga, nyingine zinaunguza. Tunafunga, tunasaga, tunasonga ugali, tunaonja. Ndipo hela inatoka."

"Mama, picha haisagi."

"Najua. Basi, hasara." Alianza kukunja fomu. "Ningewaita na wenzetu wa Vidunda na Kilangali waje waonje siku hiyo hiyo. Wilaya hii ina vikundi kama arobaini vyenye shida kama yetu. Wakiona moja inasaga, hakuna atakayeuliza habari za meli."

Arobaini. Neno hilo lilimwingia Ditram kichwani likakaa. Njia nzima ya kurudi Mikumi alikuwa akizidisha, na kila alipozidisha jibu lilizidi kupendeza. Akili yake ya biashara ikamwambia: nunua mashine moja ya mtumba, ionyeshe, kusanya, kisha ifungue kwa spana na uondoke nayo. Alichukua pato lote la Mnada wa Dunia, majokofu yote, pikipiki zote, na pesa ya kodi ya chumba, akaenda Morogoro akanunua mashine ya dizeli iliyotumika kidogo.

Hapa sina budi kufichua jambo ambalo Ditram hakulijua. Mke wa Mzee Theodory ni dada yake Bi Joha, tumbo moja. Bi Joha aliijua habari ya friji kabla viatu vya Ditram havijakauka rangi. Ditram alipoondoka aliwasimulia wenzake, na Yunis alikuwa wa kwanza kutaka wampeleke polisi.

"Tumpeleke, halafu?" Bi Joha aliwauliza wenzake. "Atafungwa. Kufungwa kwake kutasaga kibaba gani?"

Mashine ilifika Kisanga juu ya lori la Fuso, ikapokelewa kwa vigelegele. Ditram alisimama karibu na dereva akipunga mkono. Akina mama walikuwa na kibanda tayari, na fundi wao, Ulimboka, alikuwa ameshachimba shimo na kupanga kokoto.

"Fundi, hii ya maonyesho tunaiweka chini tu," alisema Ditram.

"Chini tu? Hii ikiwaka bila kufungwa itatembea, bwana. Itaua watu."

"Basi funga. Lakini nati zikazwe kawaida."

"Kawaida kabisa," alisema Ulimboka. "Kama tunavyofunga huku siku zote."

Ditram aliipapasa spana mfukoni, akatulia. Zege lilihitaji siku saba kukauka, na kwa siku saba hizo alilishwa kuku, akaandaliwa maji ya kuoga ya moto, akaitwa mkurugenzi. Nadhani hajawahi kuwa na wiki tamu kama ile maishani mwake.

Siku ya kuonja, uwanja ulijaa. Walikuja watu wa Vidunda, wa Kilangali, na mtendaji wa kijiji, bwana Fortunatus, na kiti chake. Ulimboka alizungusha hendeli, injini ikakohoa mara mbili, ikashika. Yunis alimimina mahindi. Unga ulipotoka, mweupe na laini, alitia mkono ndani akalia waziwazi, na wenzake wakalia naye huku wakicheka. Ugali ulisongwa papo hapo. Hata Ditram alikula, na moyoni, kwa dakika moja hivi, aliona fahari ya mtu aliyefanya jambo jema.

Bi Joha akasimama na fomu.

"Tumeonja, tumeridhika. Mkurugenzi, elfu tisini yako hii hapa. Mtendaji, andika."

Ditram alicheka. "Mama, hii ni ya maonyesho. Yenu iko kwenye meli."

"Fomu haina neno maonyesho," alisema bwana Fortunatus, akivaa miwani. "Nasoma: mshindi atalipa bei aliyoiandika, haitaongezwa hata senti. Nasoma tena: mali ikishapokelewa hairudishwi. Mhuri upo. Sahihi hii si yako?"

"Ni yangu, lakini..."

"Umeuza kihalali. Hongera."

Watu walipiga makofi. Ditram alitoa spana, akakimbilia kibandani, akapiga magoti. Alizitafuta nati upande huu, akazitafuta upande ule. Hapakuwa na nati. Palikuwa na zege tu, limepigwa plasta likang'aa.

"Fundi! Nati ziko wapi?"

"Ndani," alisema Ulimboka kwa upole. "Huku tunazifukia. Zikiachwa nje zinaibwa. Wezi wengi siku hizi."

Ditram aligeuka kutafuta wateja wake arobaini. "Jamani, vikundi vyenu je? Nani anaandika bei?"

"Sisi tulialikwa kula ugali," alijibu mtu wa Vidunda.

"Nitakwenda polisi!" alipiga kelele Ditram.

"Twende wote, mwanangu," ilisema sauti ya mzee kutoka nyuma. Mzee Theodory alisogea mbele akiegemea mkongojo, na mkononi alikuwa na picha ya friji. "Mimi nina maelezo kidogo ya kuwapa. Au tuyamalize hapa hapa?"

Waliyamaliza hapo hapo. Mzee alipokea elfu thelathini yake kutoka kwenye ile tisini, akamshukuru, na kwa kuwa yeye ni mtu wa haki, akamrudishia mali yake. Bi Joha naye hakutaka mgeni aondoke mikono mitupu. Alimfungia unga kilo mbili.

"Tulipanga kukushitaki," alimwambia akimsindikiza mpaka njiani. "Lakini wanangu wamelala na njaa mara nyingi kwa sababu ya ule mto. Kwa mashine hii nakushukuru kweli, sikutanii."

Ditram alishika njia ya Mikumi, unga kwapa la kulia, friji kwapa la kushoto. Nyuma yake mashine iliendelea kusaga.