Nukta Niliyoiita Takataka

Jumatatu, 3 Machi
Wiki hii nagundua nyota! Mama ameshawatangazia majirani, sina pa kurudi nyuma. Tatizo ni kazi yenyewe. Darubini iko mlimani, picha zinatufikia ofisini asubuhi, na mimi nasafisha zile za kamera ya joto. Nukta mbovu za kamera, zinazong'aa bila kuwa nyota, naziandika kwenye orodha, kompyuta inazifuta. Ufagio tu! Picha za kamera ya kawaida anazo Dada Miwani, meza ya pili. Mpango: nimalize zangu upesi, nichungulie zake akienda kunywa chai.

Kwangu kulikuwa na nukta moja nyeupe, kwenye galaksi ya jirani. Kwake, mahali hapohapo, vumbi tupu. Basi ni kasoro ya kamera. Nikaitia kwenye orodha. Dakika mbili!

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Kituo kingine kimetangaza: nyota imelipuka kwenye galaksi ile ile, nyuma ya wingu la vumbi. Mwanga wa kawaida haupenyi, joto linapenya. Mahali hapohapo! Mkuu wa ofisi akauliza kwa nini picha zetu za joto hazina kitu. Nikasema labda kioo cha darubini ni kichafu.

Kioo ni kazi ya Mjomba, fundi wa mlimani, ndiye aliyeniombea kazi hii. Amebakiza miezi miwili astaafu. Mkuu akasema ataandikiwa barua ya onyo. Nikarudi mezani kwangu.

Alhamisi, 6 Machi
Mjomba kapiga simu. Hakunilaumu. Kaniomba radhi! Eti macho yake yamechoka siku hizi, amekisafisha kioo upya, na anasikitika kuniharibia kazi. Nikamwambia asijali. Asijali! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Chakula cha mchana kilinishinda.

Ijumaa, 7 Machi
Nilikusudia kukiri. Kweli kabisa. Kabla sijafungua mdomo, Dada Miwani akafungua picha ghafi za Jumatatu, zisizofutwa kitu. Kumbe zinahifadhiwa! Nyota ile hapo, inang'aa, siku mbili kabla ya tangazo la wenzetu. Na kwenye orodha: jina langu, saa, na maelezo niliyoandika mwenyewe, "takataka". Mkuu akayasoma kwa sauti. Mara mbili.

Barua ya Mjomba ikachanwa. Nikampigia, nikamweleza yote. Akasema angalau kioo ni safi. Sijawahi kuona aibu kama hii.

Jumatatu, 10 Machi
Mimi ni mtu mpya. Sifuti tena nyota ya mtu! Nimewahi ofisini kabla ya wote, nikaitupa orodha nzima. Picha ya leo ina nyota mpya elfu tatu! Dada Miwani hajafika, na sina haja ya kumsubiri. Tangazo limeshakwenda vituo vyote, kwa jina langu. Mama yuko kwa majirani.

Mjomba nimemwambia moja itapewa jina lake. Akauliza kama nina hakika. Nikamjibu nyingine zimejipanga mstari mmoja ulionyooka kabisa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona angani.