Mafuta ya Kiboko kwa Bega la Ghati

Mniko alifika Matongo kuuza miwani ya jua, lakini kabla hajafungua begi aliona jambo lililomsahaulisha miwani. Nusu ya soko ilikuwa ikijikanda bega. Wanawake waliotoka kuponda mawe ya dhahabu, vijana wa nyundo, hata mzee wa tumbaku, kila mmoja mkono begani na uso umekunjamana. Mtu mwema angewahurumia. Mniko alimshukuru Mungu kwa sauti, maana hakuwa mtu wa kupokea baraka kimyakimya.

Mambo ya bega aliyajua. Mwaka uliotangulia alianguka na pikipiki kwao Sirari, bega likachomoka. Hospitali walilirudisha, na mtaalamu wa viungo akamfundisha mazoezi ya kuliimarisha, bure kabisa, akimsihi ayafanye kila siku. Mniko aliyakariri yote na hakuyafanya hata siku moja. Aliona ni ujinga kutumia mwenyewe bidhaa inayoweza kuuzika.

Basi akatafuta mafuta, akayatia pilipili, akayagawa kwenye chupa, kisha akapanda juu ya kreti la soda.

"Mafuta ya kiboko wa Mto Mara!" akatangaza. "Bega linauma kwa sababu damu imelala. Unapaka, halafu unafanya mazoezi nitakayokupa. Bila mazoezi, mafuta hayapenyi. Bila mafuta, hayo mazoezi ni ngoma tu!"

Tusimwonee. Habari ya mazoezi ilikuwa kweli, na aliiweka pale ili uongo upate pa kuegemea. Nchagwa, mponda mawe mwenye viganja kama sepetu, alitoa jogoo. Wengine wakatoa mayai na ulezi. Kisha akaja Ghati, akimsalimu kila mtu kwa sauti ya kuvuta masikio, na nyuma yake ng'ombe mtamba mwekundu aliyetoka kumwogesha joshoni.

Ghati alikuwa mjane mwenye ulimi mkali na mkono wa kulia usiopanda juu ya kifua. Kitambaa cha kichwani alifungwa na watu. Ndoo ya maji alitwikwa na mkwewe Neema, ambaye kila asubuhi aliinyanyua kwa kuhema hadi bomba zima lisikie. Maumivu Ghati aliyaweza. Kule kuhema kwa Neema ndiko kulikokuwa kukimmaliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Nitajitwika ndoo?"

"Mama, utajitwika pipa."

"Unataka nini?"

Mniko alilitazama bega, akamtazama mtamba, akarudi kwenye bega kwa huzuni ya kidaktari. "Hili limekomaa, mama. Hili ni bega la mtamba."

Ghati alikuwa amemlea yule mnyama tangu mama yake alipokufa kwa kuzaa. Alilia palepale sokoni bila kuona haya, kisha akatoa kamba.

"Sharti moja," Mniko akasema, kwa kuwa njia ya Sirari wanunuzi wa ng'ombe hawakosi, na hakutaka mashahidi. "Asinifuate mtu wa hapa. Ng'ombe wa dawa akisindikizwa, ugonjwa unarudi."

"Basi mswage kwa nyuma, mura. Na kamba usijifunge mkononi."

Mniko akacheka. Alikuwa Mkurya halali, lakini alikulia nyuma ya duka la simu, na ng'ombe alizoea kukutana nao kwenye supu. Tena daktari mzima atembee akitazama mkia? Akaizungusha kamba kwenye kiganja, akaikaza, akatangulia mbele kama bwana harusi.

Ghati akafungua chupa. Akanusa. Akanusa tena, halafu akaenda moja kwa moja kwa Jerioth, muuza sambusa.

"Jerioth, hebu nusa."

Jerioth akakunja pua. "Haya si mafuta yangu? Niliyokaangia jana haya! Aliniambia anataka kulainisha mnyororo wa pikipiki!"

Ghati alikuwa bado anachagua tusi la kuanzia, ukasikika ukelele barabarani. Kundi la ng'ombe lilikuwa likiteremka mtoni. Mtamba aliwaona wenzake akaamua kuungana nao, na mkono wa Mniko ukaenda naye. Sehemu nyingine ya Mniko ilifuata kadiri ilivyoweza.

Walimkuta mtaroni, mkono unaning'inia, bega limepoteza umbo, na mtamba yuko kando yake anakula majani. Soko zima likamzunguka. Ghati alifika na chupa yake, uso mpole kuliko siku ya ekaristi.

"Pole, daktari. Bahati nzuri dawa ipo."

"Usinishike, mama!"

"Nani anakushika? Nakupaka. Damu imelala, tunaiamsha."

"Na zoezi," Nchagwa akakumbusha, akikunja mikono ya shati. "Bila zoezi hayapenyi. Lete mkono, daktari, nikuvutie."

Hapo Mniko alikwama kweli. Akikataa mafuta yake mwenyewe, jogoo, mayai na ulezi vinakwenda. Akikubali, kuna viganja vya Nchagwa, na mtaalamu alishamwambia kwamba bega lililotoka likivutwa ovyo linaweza kuharibika mishipa, mkono ukafa. Aliviangalia vile viganja vikija.

"Mafuta ya sambusa!" akapiga yowe. "Na pilipili! Mazoezi ndiyo ya kweli, nilifundishwa hospitali!"

"Kwa bei gani?" Ghati akauliza.

"Bure!"

Neno hilo liliwauma kuliko mabega. Nchagwa alikwenda kumchukua jogoo wake, na wengine wakafuata njia hiyohiyo. Bodaboda ilikuwa tayari kumkimbiza Mniko hospitali, lakini Ghati, kamba ya mtamba wake mkononi, akasimama mbele ya gurudumu.

"Kwanza tufundishe. Yote."

Ndivyo Mniko alivyotoa, mtaroni, huku akilia, mahubiri pekee ya maisha yake yasiyo na uongo ndani.

"Iname, shika meza kwa mkono mzima! Ule mbovu uning'inie, uuzungushe taratibu. Taratibu, Nchagwa, hiyo si nyundo! Kisha simama ukutani, vidole viupande polepole kama mjusi. Maumivu yakichoma, acha, kesho utaendelea. Usililalie. Na likitoka kama langu, msivute, msikande, hospitali! Jamani, boda!"

"Rudia ya ukutani," Ghati akasema.

Bega la Ghati halikuwa na haraka. Kila asubuhi vidole vyake vilipanda ukuta wa nyumba, na kwa kila hatua alimtukana Mniko, jambo ambalo lilimpa nguvu. Mahindi yaliota, yakakomaa, yakavunwa. Ndipo siku moja bombani, Neema alipokuja na kuhema kwake tayari kifuani, Ghati akaishika ndoo mwenyewe. Ilifika kifuani, ikasita, ikapanda, ikatua kichwani. Maji yalimmwagikia shingoni naye akacheka huku analia.

"Sasa hemea ndoo yako," akamwambia Neema.

Alipofika nyumbani akamkuta Mniko amesimama uani, hana begi, hana miwani.

"Shikamoo, mama. Hospitali wamesema nisipofanya mazoezi safari hii, bega litakuwa linatoka hata nikipiga chafya."

"Si unayajua?"

"Nayajua. Lakini nikiwa peke yangu, mama, najiambia nimeshafanya. Na nauamini uongo wangu."

Ghati akashusha ndoo, akavuta kigoda akaketi, akamwonyesha ukuta.